Baraza la madiwani Mwanza: jinsi ya kukaa kule nyuma, kusikiliza, na kujua kipi kimepita kipi hakijapita

Mwangaluka wana Mwanza. Kila baraza la madiwani likikaa, kesho yake asubuhi kwenye daladala za Igoma unasikia tu "madiwani wamepitisha", "madiwani wamekataa", ukiuliza wamepitisha nini hasa, waliafiki wangapi, pesa inatoka fungu gani, kimya. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena mimi nilikuwa mbaya zaidi maana nilikuwepo ukumbini kwa macho yangu na bado nikarudi mtaani na habari ya uongo. Ndo maana naandika hii, mtu asije akarudia.

Ilikuwa hivi. Mtaani kwetu (kata siitaji) kulikuwa na ghuba la taka (pale taka za mtaa zinapokusanywa zikisubiri gari) limekaa palepale watoto wanapopita kwenda shule, mvua ikinyesha maji yanashuka mlimani kwenye mawe yanabeba kila kitu mpaka mlangoni kwa watu, mnajua milima yetu. Tukalipigia kelele mkutano wa mtaa, likaandikwa, likaenda kata, siku ya baraza nikasema leo naenda mwenyewe. Diwani wetu kasimama kasoma taarifa ya kata, ghuba limetajwa vizuri kabisa, meya kauliza "waheshimiwa, taarifa tunaipokea?" ukumbi mzima "tunaipokeaaa", meza zikagongwa. Nikatoka pale kama nimeshinda uchaguzi mimi. Nimefika mtaani nikatangaza imepita, ghuba linahama. Wiki tatu hamna kitu. Nikampigia diwani.

"Shikamoo mheshimiwa. Mbona lile jambo letu limepita na hamna kinachoendelea?"

"Marahaba. Nani kakwambia limepita? Limepokelewa."

Basi. Hapo ndo nilipoanza kujifunza hii lugha, na kama utashika kitu kimoja tu kwenye maandishi yote haya, shika hicho: kwenye baraza sikiliza kitenzi. Usisikilize makofi.

Kupokea maana yake wajumbe wamesikia taarifa, imeingia kwenye kumbukumbu, mwisho wa habari. Hamna aliyeamriwa kufanya chochote. Kuthibitisha ni kwa mihtasari ya kikao kilichopita, yaani wanakubali kwamba yaliyoandikwa ndiyo yaliyosemwa, hawarudii kuamua upya. Kuridhia au kuidhinisha, hapo sasa kuna uamuzi, baraza limekubali kitu kifanyike. Kuazimia ndo kubwa kuliko zote, maana azimio linaandikwa lina namba lina mtekelezaji, na kikao kijacho linaulizwa. Kuna kushauri na kuelekeza pia. Baraza likimwelekeza mkurugenzi kitu kinachomhusu, huyo anatakiwa alete majibu, lakini likiishauri taasisi ambayo haiko chini yake, wale wanaweza kusema ahsante kwa ushauri na wakaondoka. Afu kuna lile la "lirudi kwenye kamati", ambalo watu wanalisikia kama limekufa, kumbe halijafa, limerudishwa jikoni kwa sababu maelezo hayakutosha au pesa haijulikani itatoka wapi. Mimi saivi hili la kurudi kamati nalipenda kuliko la kupokelewa, kwa sababu linalorudi kamati lazima litoke tena.

Sasa kabla hujapanda daladala kwenda huko, hakikisha unaenda halmashauri yako. Msinicheke, watu wanakosea kila siku. Mwanza imekuwa jiji mwaka 2000, lakini 2012 Ilemela ikatoka ikawa manispaa yake, ina meya wake na baraza lake. Halmashauri ya Jiji imebaki na wilaya ya Nyamagana, kata 18, kuanzia Pamba na Mirongo hapa katikati mpaka Buhongwa, Kishili na Luchelele huko pembeni. Kwaiyo wewe wa Kirumba, wa Pasiansi, wa Buswelu, hata wewe mama unayeshinda Mwaloni na mafurushi yako ya dagaa, jambo lako la soko au la taka linaamuliwa Ilemela, na hata meya wa jiji akikuhurumia vipi hana kura huko.

Ukifika ukumbini utaona watu wengi na majoho, ujue nani ana kura nani hana. Wenye kura ni madiwani wa kata, madiwani wa viti maalum ambao ni wanawake na hawatakiwi kupungua theluthi ya wale wa kuchaguliwa, na mbunge naye ni mjumbe akiwepo. Meya ndo mwenyekiti, anaitwa Mstahiki Meya, usije ukamwita "bosi" kama jamaa mmoja pale mlangoni. Mkurugenzi wa jiji yeye ni katibu wa kikao, anakaa karibu na meya, anaongea sana, anajibu sana, watu wanadhani ndo anaamua, lakini hana kura. Wakuu wa idara wote waliojipanga pembeni na laptop zao hawana kura. Mkuu wa wilaya akija anatoa salamu za serikali, tena zinaweza kuwa salamu kali kweli kweli, lakini na yeye hana kura. Watu wa maji, umeme na barabara wanaitwa kujibu maswali, hawana kura. Na sisi wananchi wa viti vya nyuma hatuna kura na hata kuongea haturuhusiwi. Kuna watu wanakuja wamejiandaa na hotuba, wanaishia kutolewa na askari wa mgambo. Wewe unaongea kupitia diwani wako, ambaye anaweza kupeleka swali la maandishi mapema au akauliza la papo kwa papo siku yenyewe, kwaiyo mkamate wiki mbili kabla, sio mlangoni siku ya kikao ana joho begani na anatafuta kabrasha lake.

Kuingia unaruhusiwa lakini. Mikutano ya baraza kisheria ni ya wazi, wananchi na waandishi wanakaa. Isipokuwa pale ambapo baraza linajigeuza kuwa kamati, na hili mara nyingi ni kwa mambo ya nidhamu ya watumishi, hapo mtaambiwa wasio wajumbe watoke nje, mtatoka, mtanunua karanga, mtasubiri. Usilichukulie kama njama. Ila mkirudishwa ndani tega sikio, maana wanatakiwa wasome walichokubaliana.

Baraza la kawaida linakaa kila robo mwaka, na kwa kawaida linachukua siku mbili. Siku ya kwanza ni taarifa za kata, kila diwani anasoma ya kwake, na hii ndo siku wananchi wengi wanaenda kwa sababu unasikia mtaa wako ukitajwa. Siku ya pili ni taarifa za kamati za kudumu. Kama una nauli ya siku moja tu, nenda siku ya pili. Najua inauma, lakini siku ya kwanza ndo ya kupokea, ya pili ndo ya kuamua.

Hizo kamati ndo jiko lenyewe. Kuna Kamati ya Fedha na Uongozi, hii inakaa kila mwezi na kila shilingi inapitia kwao, kuna inayoshughulika na uchumi, afya na elimu, kuna ya Mipango Miji na Mazingira, halafu zipo za maadili na ya UKIMWI. Jambo likishapikwa huko linakuja barazani na pendekezo tayari, na mara nyingi halibadiliki hata nukta. Juu ya hapo madiwani wa chama kimoja wana kawaida ya kukaa kikao chao cha chama kabla ya baraza na kukubaliana msimamo, sio siri, kila mtu anajua, kwaiyo ukiona jambo kubwa la mamilioni limeafikiwa kwa dakika mbili usidhani hawakujadili, walijadili, wewe tu hukuwepo. Ndo maana nasema ukisubiri siku ya kura umechelewa. Kamata jambo likiwa mtaani, kwenye mkutano wa mtaa, hakikisha mtendaji ameliandika kwenye muhtasari na sio kwenye karatasi ya pembeni, afu lifuate kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndo mwenyekiti wake, afu muulize diwani swali moja tu: linaenda kamati gani ya kudumu na lini inakaa. Akikujibu "tutaangalia" ujue bado halijaenda popote.

Haya, ukumbini. Wameomba dua, meya kafungua kikao, sasa sikiliza akidi. Akidi ni idadi ya wajumbe wanaotakiwa wawepo ndo kikao kiwe halali, kikao cha kawaida ni nusu. Hesabu vichwa mwenyewe, hamna anayekukataza. Halafu wanaridhia agenda, halafu inakuja mihtasari ya kikao kilichopita, na hapa nataka ukae wima. Meya anapitisha ukurasa kwa ukurasa: "Ukurasa wa kwanza... wa pili... wa tatu... wa nne..." anaenda kwa kasi kama kondakta anayetaja vituo, kurasa zinafunguliwa fyaa fyaa ukumbi mzima, mwenye marekebisho anatakiwa awashe kipaza sauti hapo hapo. Diwani akiwa anachezea simu ukurasa wa sita ukapita, na ukurasa wa sita ndo ulikuwa na mambo yenu yameandikwa vibaya, basi yamethibitishwa hivyo hivyo vibaya. Mimi nimeona diwani anasema "Mstahiki Meya naomba turudi ukurasa wa kumi na moja" na ukumbi mzima ukamguna kama kachelewesha chakula, lakini alikuwa sahihi, jina la mtaa lilikosewa, pesa ya choo cha shule ingeonekana ni ya mtaa mwingine kabisa. Huyo mama angekuwa diwani wangu ningempa kura tena bila kampeni.

Baada ya hapo yanakuja yatokanayo, nitarudi hapo mwishoni.

Kura zenyewe. Mambo mengi hayahesabiwi. Mwenyekiti wa kamati anasoma taarifa, anasema naomba kutoa hoja, wengine wanaunga mkono, wanachangia, meya anauliza mnaafiki, wanajibu tunaafiki, twende kazi. Ikionekana wamegawanyika ndo wananyoosha mikono na kuhesabiwa. Kura za siri ni za kuchagua watu, mfano meya na naibu meya. Meya anachaguliwa kwa miaka mitano, naibu wake kila mwaka, na ndo maana kuna mkutano wa mwaka ambapo wanachagua naibu na kuzipanga upya kamati, mkutano ambao wananchi wanaupuuza wakati kumbe pale ndo inajulikana nani atakaa Fedha mwaka mzima.

Hesabu ya kura inawachanganya watu kwaiyo tuichukue polepole na mfano wa kubuni. Tuseme baraza lina wajumbe 26. Nusu ni 13. Wameingia 20, akidi ipo. Linakuja jambo la kupandisha ushuru fulani, wawili hawajapiga kura, 10 wamesema ndiyo, 8 wamesema hapana. Limepita. Utasikia mtu nje analalamika "watu 10 kati ya 26 wanatuamuliaje?" ndo hivyo, kinachoangaliwa ni wengi wa waliokuwepo na wakapiga kura, sita waliobaki nyumbani wametoa mchango wao kwa kutokuja. Sasa wangekuwa 9 kwa 9, mwenyekiti ana kura ya uamuzi, upande aliolalia yeye ndo unashinda. Kumwondoa meya ndo mlima mwingine, hapo inatakiwa theluthi mbili ya wajumbe wote, sio ya waliokuja, kwaiyo kwa mfano wetu hata wakija 20 wanatakiwa 18 waafiki. Ukisikia mtaani "wiki ijayo meya anang'oka" piga hiyo hesabu kwanza.

Kitu kingine cha kuangalia ni mjumbe mwenye maslahi. Kama jambo linahusu kiwanja chake, kampuni yake au tenda ya mkewe, anatakiwa atamke na asishiriki. Ukiona diwani anajadili kwa jasho kodi za vibanda na wewe unajua vibanda vitatu ni vyake, hilo ni la kumuuliza meya kwa barua, sio la kusimulia kijiweni tu.

Kuna mambo baraza likipiga kura bado hayajaisha, na hapa watu wanapigana bure. Sheria ndogo ni mojawapo. Baraza likipitisha sheria ndogo ya ushuru au ya usafi, haianzi kesho. Inabidi wananchi wawe wametangaziwa na kupewa nafasi ya kutoa maoni, ikishapita barazani inaenda kwa waziri mwenye TAMISEMI (tawala za mikoa na serikali za mitaa) aidhinishe, halafu itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Mtu akija kibandani kwako kesho yake ya baraza anadai ushuru mpya, muulize kwa adabu tangazo la gazeti namba ngapi. Hata bajeti ni hivyo, baraza linaipitisha mapema mwaka wa kalenda ukianza, inaendelea mkoani, TAMISEMI, mpaka bungeni, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai.

Bajeti sitaimaliza hapa maana ni somo lake, ila angalia mistari miwili. Mapato ya ndani, yaani ushuru wa masoko na stendi, leseni, ushuru wa huduma, hizi ndo pesa ambazo madiwani wana sauti nazo kweli, maana zile zinazotoka serikali kuu nyingi zinakuja zina jina tayari. Na asilimia 10 ya hayo mapato ya ndani ni mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, isiyo na riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Taarifa yake inasomwa kwa idadi ya vikundi na kiasi, kama wewe ni kikundi na uliomba, hiyo ndo dakika ya kuacha kuchat.

Na usibebe barabara ukaipeleka kwa diwani ukategemea aitengeneze yeye. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko TARURA, za mikoa na kuu ni TANROADS, maji ni MWAUWASA. Baraza linaweza kuwabana kwa maswali mpaka jasho litoke, lakini haliwakatii mshahara. Taka, masoko, stendi, machinga wapangwe wapi, shule za msingi, zahanati, vibali vya ujenzi, hivyo ndo vya halmashauri, hapo ukibana unabana penyewe.

Ukienda beba kalamu na daftari, simu itaisha chaji. Chora safu nne tu: agenda, kitenzi, nani atekeleze, lini. Safu ya nne utaiona iko wazi mara nyingi sana, usiijaze kwa matumaini. Maji ya kunywa beba, na kula kabla, vikao vinaenda mpaka saa tisa na chai ya mle ndani sio yako. Ukitaka muhtasari baadaye andika barua kwa mkurugenzi, taja kikao na tarehe, taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa (hapo kitenzi cha kupokea kina faida), wana siku 30 za kukujibu. Muhtasari wenyewe hautoki mpaka uthibitishwe kikao kinachofuata, kwaiyo usiombe wiki ileile ukaanza kulalamika umenyimwa.

Sasa yatokanayo. Hii ndo sehemu nayoipenda. Ni jedwali la maazimio ya nyuma, upande mmoja azimio, upande wa pili utekelezaji umefikia wapi. Utakutana na "lipo kwenye mchakato", "linaendelea", "ufuatiliaji unafanyika", maneno ambayo yanaweza kuishi miaka miwili bila kuzeeka. Diwani mzuri anauliza mchakato gani, umeanza lini, faili liko kwa nani.

La kwetu lilienda hivyo. Tulivyoshtuka kwamba limepokelewa tu, tukarudi kata, likaandikwa upya likiwa na ombi kamili: ghuba lihamishwe na kontena liwekwe karibu na barabara ambapo gari linafika, na tukaonyesha eneo. Likaenda Mipango Miji na Mazingira, robo iliyofuata siku ya pili likasomwa, meya akauliza mnaafiki, wakaafiki, safari hii nikaandika "azimio" kwenye daftari nikapigia mstari. Robo nyingine nikaenda tena nikakaa kiti kilekile. Ukurasa wa tisa wa yatokanayo, upande wa utekelezaji: "eneo mbadala linatafutwa".

Diwani wetu akawasha kipaza sauti. "Mstahiki Meya, linatafutwa wapi wakati wananchi walishalionyesha, na picha ziko kwenye kabrasha la kikao kilichopita?" Watu wakacheka, mkuu wa idara akafunua makaratasi, akafunua, akasimama akasema ndani ya siku 14. Nikaandika safu ya nne: siku 14.